HALI YA ANGA ZA JUU NA USAHIHI WA KUPIMA MAHALI KWA SETILAITI
Mfano wa Daudi, Wilaya ya Mbulu

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mashamba mawili yanayopakana katika Daudi, wilayani Mbulu. Kati yake pana ua wa minyaa uliopandwa na wazee, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeuliza mpaka uko wapi. Kijiji kinaamua kuandaa hati za hakimiliki ya kimila, kama inavyoelekezwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Shamba la kwanza linapimwa saa mbili asubuhi kwa chombo kidogo cha mkononi kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Shamba la pili linapimwa siku nyingine, saa tisa alasiri, kwa chombo kile kile. Ramani inapochorwa, mashamba hayo yanaonekana kuingiliana: ukanda wa ardhi wenye upana wa mita sita umeandikwa kwa majina ya watu wawili.

Ua haukusogea. Hakuna jirani aliyedanganya, wala mpimaji hakula rushwa. Basi kosa limetoka wapi?

Kosa la namna hii laweza kuwa na asili nyingi, na baadhi yake tutazitaja. Lakini mojawapo, ambayo haifahamiki vya kutosha hapa kwetu, haimo katika chombo wala katika mikono ya mpimaji. Imo katika tabaka la hewa lililo kilomita 300 na zaidi juu ya vichwa vyetu, na chanzo chake ni Jua. Wataalamu huiita hali ya anga za juu, kwa kuilinganisha na hali ya hewa ya mvua na upepo tuliyoizoea. Katika makala hii nitajaribu kueleza jinsi hali hiyo inavyoharibu usahihi wa vipimo, kwa nini Daudi imo katika sehemu ya dunia inayoathirika zaidi, na mambo gani mpimaji, mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuyafanya.

1. Chombo hujuaje mahali kilipo?

Mfumo unaojulikana zaidi ni GPS wa Marekani. Iko pia mingine: GLONASS wa Urusi, Galileo wa nchi za Ulaya na BeiDou wa China. Yote hufuata kanuni moja. Setilaiti za GPS huizunguka Dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti imebeba saa za atomu zilizo sahihi mno, na daima hutangaza kwa mawimbi ya redio: "Mimi ni setilaiti fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani."

Kipokezi kilicho ardhini hulinganisha saa ya kutumwa na saa ya kupokewa. Tofauti ya saa hizo huzidishwa kwa kasi ya nuru, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo huwa ni umbali kutoka setilaiti mpaka chombo. Kwa setilaiti iliyo utosini:

Muda wa safari = 20,200 ÷ 300,000 = sekunde 0.067 hivi.

Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, lau kama saa ya chombo chetu ingekuwa sahihi kama zile za setilaiti. Kwa kuwa sivyo, tunahitaji setilaiti ya nne ili tupate pia kosa la saa yetu. Kwa hiyo mambo yasiyojulikana ni manne: latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa. Mwanafunzi wa hisabati atatambua mara moja kwamba tunahitaji milinganyo minne.

Ona sasa jinsi jambo hili lilivyo jepesi kuharibika. Muda ukikosewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Ukikosewa kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa sentimita 30. Basi chochote kitakacholichelewesha wimbi njiani, hata kwa kiasi kidogo kabisa, kitatudanganya kwamba setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo.

2. Ayonosfia: tabaka lenye umeme

Kuanzia kimo cha kilomita 80 hivi hadi kilomita 1,000 hewa ni nyepesi sana, nayo hupigwa moja kwa moja na miali ya eksirei na ya kiukaurujuani kutoka katika Jua. Miali hiyo hung'oa elektroni kutoka katika atomu na molekuli za hewa. Atomu iliyopoteza elektroni huitwa ayoni, na tabaka lenye elektroni huru na ayoni huitwa ayonosfia. Elektroni huwa nyingi zaidi katika kimo cha kilomita 300 hadi 400.

Tabaka hili lilikuwa rafiki wa redio zamani. Mawimbi mafupi hugonga ayonosfia yakarudi ardhini, na kwa njia hiyo msikilizaji wa Mbulu aliweza kupata matangazo kutoka mabara mengine. Mawimbi ya setilaiti ni ya frikwensi kubwa zaidi, kwa hiyo hupenya. Lakini hayapenyi bila kutozwa ushuru: ujumbe unaobebwa na wimbi hucheleweshwa. Kuchelewa huko, kukigeuzwa kuwa umbali, hupatikana kwa kanuni hii:

d = 40.3 × N ÷ f²

Hapa d ni kosa la umbali kwa mita. N ni idadi ya elektroni zilizomo katika nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba, kutoka kipokezi mpaka setilaiti. Na f ni frikwensi ya wimbi kwa hezi.

Idadi ya elektroni ni kubwa mno, kwa hiyo wanasayansi hutumia kipimo maalumu: elektroni 10,000,000,000,000,000 (yaani 10 kwa kipeo cha 16) kwa kila mita ya mraba huhesabiwa kuwa kizio kimoja. Wimbi kuu la GPS lina frikwensi ya megahezi 1,575.42. Mwanafunzi akiziingiza tarakimu hizi katika kanuni ataona kwamba kizio kimoja huleta kosa la mita 0.16 hivi.

Je, vizio vingapi viko juu ya Daudi? Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake hubadilika kwa saa, kwa msimu na kwa mwaka.

3. Kwa nini Daudi?

Mtu angedhani kwamba elektroni zingekuwa nyingi kupita kote pale Jua linapokuwa utosini, yaani penye ikweta. Sivyo. Edward Appleton, mwanafizikia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, alionyesha mwaka 1946 kwamba wingi wa elektroni hufuata ikweta ya sumaku ya Dunia, tena hauwi mkubwa juu ya ikweta hiyo bali pande zake mbili, kaskazini na kusini.

Ikweta ya sumaku ni mstari ambapo sindano ya dira iliyoachwa huru hulala sawasawa bila kuinama upande wowote. Katika Afrika ya Mashariki mstari huu haupiti Kenya kama ikweta ya kijiografia. Hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, kwenye latitudo ya digrii 9 hivi kaskazini.

Juu ya mstari huo hutokea jambo la ajabu. Mchana upepo wa anga za juu huzalisha uga wa umeme unaoelekea mashariki, wakati uga wa sumaku unaelekea kaskazini. Nyuga hizo mbili kwa pamoja huzisukuma elektroni na ayoni kwenda juu, mamia ya kilomita. Zikifika juu huelemewa na mvutano wa Dunia na kanieneo, zikateremka zikifuata mistari ya uga wa sumaku, kaskazini na kusini. Ni mfano wa chemchemi inayoruka juu katikati na kumwaga maji kandokando. Penye mdomo wa chemchemi maji hupungua, pembeni hujaa. Vilele viwili vya wingi wa elektroni hukaa kiasi cha digrii 10 hadi 15 kutoka ikweta ya sumaku.

Sasa tupige hesabu. Daudi iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta ya kijiografia. Kutoka digrii 9 kaskazini hadi digrii 4 kusini ni digrii 13. Kila digrii ya latitudo ni kilomita 111, kwa hiyo umbali ni kilomita 1,440 hivi. Maana yake ni kwamba Daudi, pamoja na Mbulu yote, Hanang na sehemu kubwa ya Tanzania ya kaskazini na kati, iko chini au karibu kabisa na kilele cha kusini. Maji ya chemchemi inayoruka juu ya Ethiopia humwagika juu yetu.

Hili ni jambo la kuzingatiwa na walimu. Vitabu vingi nilivyosoma ng'ambo viliandikwa na watu wa latitudo za kaskazini. Kwao hali mbaya ya anga za juu ni tukio la nadra, linalokuja na dhoruba kubwa ya Jua. Kwetu sisi ni jambo la kila siku, hata siku ambayo Jua limetulia.

4. Hesabu ya mchana mmoja

Katika miaka ya Jua lenye nguvu, alasiri moja chini ya kilele yaweza kuwa na vizio 80 au zaidi. Alfajiri mahali hapo hapo paweza kuwa na vizio 10 tu au pungufu. Tukitumia tarakimu hizo:

Alfajiri: 10 × 0.16 = mita 1.6.
Alasiri: 80 × 0.16 = mita 13 hivi.

Hizo ni hesabu za setilaiti iliyo utosini. Setilaiti iliyo chini zaidi angani, digrii 20 juu ya upeo wa macho, wimbi lake hupita kimshazari katika ayonosfia, na njia hiyo ni ndefu mara mbili na zaidi. Kosa lake la alasiri laweza kukaribia mita 30.

Lakini tusifanye haraka ya kusema kwamba chombo kitakosea mahali kwa mita 30. Yako mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, setilaiti za GPS hutangaza pia tarakimu nane za kukadiria hali ya ayonosfia, na kila kipokezi cha kawaida huzitumia kusahihisha vipimo vyake. Utaratibu huu ulibuniwa na John Klobuchar wa Marekani. Huondoa karibu nusu ya kosa, si zaidi. Basi mita 13 hubaki 6 au 7.

La pili ni la hila zaidi. Iwapo setilaiti zote zingecheleweshwa kwa kiasi kile kile, kipokezi kingedhani kwamba saa yake ndiyo mbovu, na mahali pasingeharibika. Kinachoharibu mahali ni tofauti ya kuchelewa baina ya setilaiti. Na hapa ndipo Daudi inapopata taabu. Setilaiti iliyo digrii 20 juu ya upeo wa macho upande wa kaskazini, wimbi lake hupenya ayonosfia juu ya Turkana, kaskazini mwa Kenya. Iliyo upande wa kusini hupenya juu ya Ruvuma. Baina ya sehemu hizo mbili pana kilele chenyewe, na wingi wa elektroni hubadilika upesi kama mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa unavyobadilika kutoka nyanda za Mbulu hadi Ziwa Manyara. Kadirio la tarakimu nane haliwezi kufuata mteremko mkali namna hiyo.

Matokeo yake ni kwamba chombo cha mkononi chaweza kukosea mita chache upande wa mlalo, na zaidi ya hapo katika kimo. Kwa msafiri anayetafuta njia ya Karatu, mita tano si kitu. Kwa mpaka wa shamba ni jambo zito. Shamba la mita 70 kwa mita 60 ni kubwa kidogo kuliko ekari moja. Upande wake wa mita 60 ukisogezwa mita 5 kwenye ramani, mita za mraba 300 zimepotea au zimeongezeka. Hiyo ni asilimia 7 ya shamba zima. Familia zimegombana mahakamani kwa ardhi ndogo kuliko hiyo.

5. Usiku: mapovu na kumetameta

Msomaji atasema: basi tupime usiku, wakati elektroni ni chache. Shauri hilo lingefaa kama usiku wa maeneo yetu ungekuwa mtulivu.

Mara tu Jua linapotua, sehemu ya chini ya ayonosfia hupoteza elektroni zake upesi, ilhali sehemu ya juu bado ni nzito. Tumepata sasa kitu kizito kilichokaa juu ya kitu chepesi, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta ndani ya chupa. Hali hiyo haidumu. Kile chepesi huanza kupanda juu kwa namna ya mapovu, na mapovu hayo hunyooka kaskazini na kusini kwa kufuata mistari ya sumaku, hata yakafika latitudo zetu.

Ndani ya mapovu na kingoni mwake wingi wa elektroni hubadilika katika kila mita mia chache. Wimbi la setilaiti linalopita humo hupindishwa huku na huku. Likifika ardhini nguvu yake hupanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde, kama vile nyota inavyometameta kwa sababu ya hewa inayochafuka. Kipokezi hushindwa kulifuata wimbi hilo, huipoteza setilaiti, hutafuta tena, huipoteza tena. Zikipotea setilaiti mbili tatu kwa wakati mmoja, usahihi huanguka, na wakati mwingine chombo hunyamaza kabisa.

Saa za hatari ni kuanzia saa moja na nusu usiku hadi karibu saa sita usiku, hasa katika miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, wakati usiku na mchana vinakaribia kulingana. Hatari huongezeka katika miaka ya Jua lenye madoa mengi.

6. Dhoruba za Jua

Nguvu za Jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, jambo lililotangazwa na Heinrich Schwabe wa Ujerumani mwaka 1843 baada ya kuhesabu madoa ya Jua kwa miaka mingi. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019, na kilele chake kilikuwa mwaka 2024.

Katika miaka ya kilele Jua hutoa milipuko. Athari zake hufika kwa mikupuo. Eksirei hufika kwa dakika nane na kuongeza elektroni upande wa Dunia wenye mchana. Wakati mwingine Jua hupiga pia kelele za redio katika frikwensi zile zile za GPS. Tarehe 6 Desemba 2006 kelele hizo zilizidi sauti ya setilaiti, na vipokezi vingi vya upande wa mchana vilipoteza mawimbi. Mwisho huja wingu la chembe na sumaku lililorushwa na mlipuko, likisafiri siku moja hadi tatu. Likigonga uga wa sumaku wa Dunia huleta dhoruba ya sumaku.

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Ilikuwa ni majira ya kupanda katika Marekani na Kanada, na wakulima wengi wenye matrekta yanayoongozwa kwa setilaiti walilazimika kusimamisha kazi, maana mistari ya kupandia ilikwenda upogo. Tukio hilo linatuhusu. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, ziko ardhi zilizolimwa ngano kwa mashine kubwa tangu mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Kanada wa miaka ya 1970. Mashine zinazoongozwa kwa setilaiti zikitumiwa huko, hali ya anga za juu ya Hanang itakuwa sehemu ya kilimo, kama mvua ilivyo.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila dhoruba ya Jua huongeza kosa. Katika latitudo zetu uga wa umeme unaoletwa na dhoruba huweza kuiimarisha chemchemi tuliyoieleza, na baada ya saa kadhaa huweza kuidhoofisha, hata siku ikawa na elektroni pungufu kuliko kawaida na usiku ukapita bila mapovu. Hutegemea dhoruba imeanza saa ngapi kwetu. Ndiyo maana utabiri unaotolewa kwa ajili ya Ulaya hautoshi kwa Manyara. Tunahitaji vipimo vyetu wenyewe.

Kazi hiyo ilikwisha kuanza katika ukanda wetu. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya, na baadhi ya setilaiti hizo zilichunguza hewa ya juu ya ikweta. Leo viko vipokezi vya kudumu katika Malindi, Mbarara, Addis Ababa na kwingineko. Huko Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, vipokezi vilivyowekwa tangu mwaka 2016 hufuatilia mwendo wa mlima wa volkano. Huko hutafutwa milimita chache, kwa hiyo bila kuondoa athari ya ayonosfia kazi yote ingekuwa bure.

7. Namna ya kujikinga

Njia bora ni kutumia mawimbi mawili. Tumeona kwamba kuchelewa hutegemea frikwensi. Setilaiti mpya za GPS hutangaza pia kwa megahezi 1,176.45. Kwa kuwa kosa hugawanywa kwa f², wimbi hili huchelewa zaidi, mara 1.79 ya lile la kwanza. Tuseme kipokezi kimeona kwamba umbali uliopimwa kwa wimbi la pili umezidi ule wa kwanza kwa mita 10.3. Basi:

Kosa la wimbi la kwanza = 10.3 ÷ (1.79 − 1) = mita 13.

Kipokezi huziondoa mita hizo 13, na sehemu kubwa ya ugonjwa imepona. Yaani adui mwenyewe amelazimishwa kutaja idadi ya askari wake. Vyombo vya wapimaji vimekuwa na uwezo huu kwa muda mrefu, na tangu mwaka 2018 baadhi ya simu za mkononi pia zinao.

Njia ya pili ni kulinganisha. Kipokezi kimoja huwekwa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana kikamilifu, kama zile za mtandao wa taifa wa TAREF11. Kosa linaloonekana pale hutolewa katika vipimo vya chombo kinachotembea karibu nacho. Njia hii hufaa vyombo viwili vikiwa havijaachana sana. Chini ya kilele cha elektroni, kilomita chache ni bora kuliko makumi.

Njia ya tatu haihitaji fedha, bali utaratibu. Kila kipimo kiandikiwe tarehe na saa. Pande zote mbili za mpaka zipimwe kwa safari moja, majirani wote wawili wakiwapo. Kona moja ipimwe kwa dakika kadhaa, na irudiwe siku nyingine kwa saa tofauti. Kazi ifanywe asubuhi. Na mpaka wa asili, uwe ua, kijito au jiwe, uelezwe kwa maneno katika kumbukumbu. Ushahidi wa minyaa usifutwe na tarakimu za chombo.

Shauri hili la mwisho halipunguzi haja ya tarakimu, wala tarakimu hazipunguzi haja ya ua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Pale tope linapofunika nyumba na viwanja, alama za asili hupotea, na vipimo vilivyofanywa zamani kwa usahihi ndivyo vinavyoweza kumrudishia mwananchi kiwanja chake.

8. Jaribio la shuleni

Mwalimu anaweza kufanya jaribio hili kwa simu moja tu yenye programu ya kuonyesha latitudo na longitudo.

(a) Chagueni jiwe au nguzo mahali pa wazi, mbali na miti, kuta na mapaa ya bati. Bati huakisi mawimbi na kuleta kosa la aina nyingine.
(b) Zimeni huduma ya data, ili simu isikadirie mahali kwa kutumia minara.
(c) Kwa siku 14, wekeni simu juu ya alama hiyo saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa mbili usiku. Kila mara ngojeni dakika tano, kisha andikeni masomo kumi, moja kila nusu dakika.
(d) Tafuteni wastani wa kila kipindi, na kadiri kila somo linavyoachana na wastani huo. Digrii 0.00001 ya latitudo ni mita 1.1.
(e) Choreni grafu tatu, moja kwa kila saa, mkazilinganishe.

Yafaa kuwaonya wanafunzi juu ya mambo mawili. La kwanza, setilaiti hubadilisha nafasi angani kila saa, kwa hiyo si kila tofauti itatoka katika ayonosfia. Siku nyingi zitahitajika kabla ya kutoa hukumu. La pili, wasilinganishe masomo yao na ramani za zamani bila uangalifu. Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao hutofautiana na msingi wa GPS kwa mita 300 hivi katika nchi yetu. Tofauti hiyo haihusiani na Jua hata kidogo.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukanda ule wa mita sita baina ya mashamba mawili ya Daudi waweza kuwa umezaliwa na upepo wa anga za juu na uga wa sumaku juu ya Ethiopia, na kwa Jua lililo umbali wa kilomita milioni 150. Majirani waliochukiana kwa ajili yake wangekuwa wamegombana bure. Sayansi haitamaliza magomvi yote ya mipaka, lakini yaweza kutuonyesha lipi ni kosa la mtu na lipi si kosa la mtu. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wataalamu wa latitudo nyingine, kwa sababu anga inayohusika ni yetu. Mwanafunzi wa Daudi mwenye daftari, saa na uvumilivu yuko mahali pazuri pa kuianza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipokezi huhitaji setilaiti nne na si tatu?
2. Juu ya kituo fulani pana vizio 50 vya elektroni. Tafuta kosa la umbali kwa setilaiti iliyo utosini, ukitumia wimbi la megahezi 1,575.42. Kisha tafuta kosa kwa wimbi la megahezi 1,176.45.
3. Eleza kwa nini kuchelewa kulikolingana kwa setilaiti zote hakuharibu mahali.
4. Addis Ababa iko karibu na ikweta ya sumaku. Je, ungetarajia kosa la alasiri liwe kubwa zaidi huko au Daudi? Toa sababu.
5. Mpimaji ameleta vipimo vya mpaka bila tarehe wala saa. Eleza ni taarifa gani imepotea, na nani aweza kudhulumika.